Wally Byam: Jina lililonunuliwa mara mbili bila kufa

Mwaka 1959 meli zilishusha Cape Town, Afrika Kusini, mzigo ambao bandari ile haikuwa imezoea kuupokea. Yalikuwa matela 41 ya alumini, yanayong'aa kama sufuria jipya, kila moja likiwa na kitanda, jiko, taa na tangi la maji ndani yake. Wenyewe walikuwa Wamarekani, wengi wao watu wazima waliokwisha kustaafu kazi. Waliyafunga matela hayo nyuma ya magari yao wakaanza safari ya kuelekea kaskazini. Walipita Rhodesia, wakaingia Congo iliyokuwa bado chini ya Wabelgiji, wakavuka kwenda Uganda na Kenya, wakapanda hadi Ethiopia na Sudan. Mwaka 1960 wakafika Misri, wakaegesha matela yao karibu na mapiramidi ya Giza.

Aliyewaongoza alikuwa Wally Byam, mwenye kiwanda kilichoyatengeneza matela yote 41. Jina la bidhaa yake lilikuwa Airstream. Miaka miwili baada ya msafara huo Byam alikuwa amekufa. Miaka mitano baada ya kifo chake, kiwanda kilikuwa mali ya kampuni kubwa ya vyakula iliyoanza kwa kuuza siagi. Miaka 13 baadaye kikauzwa tena, safari hii kwa wafanyabiashara wawili ambao leo jina lao linasimama juu ya sehemu kubwa ya biashara ya nyumba za magurudumu duniani.

Mmiliki alibadilika mara mbili, lakini jina halikubadilika, wala umbo la tela halikubadilika sana. Maisha ya Byam yanaonyesha ni kitu gani hasa hununuliwa pale kampuni moja inapoinunua nyingine, na kwa nini majina mengine hufa siku ile ile yanaponunuliwa huku mengine yakiendelea kuishi.

Mchungaji aliyelala mkokotenini

Wallace Byam alizaliwa tarehe 4 Julai 1896 huko Baker City, mji mdogo katika jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani. Utoto wake haukuwa mwepesi. Wazazi wake waliachana, na akiwa bado kijana akalazimika kujitafutia. Alifanya kazi ya kuchunga kondoo nyikani, na makazi yake yalikuwa mkokoteni wa magurudumu mawili uliovutwa na punda. Ndani yake mlikuwa na jiko la mafuta ya taa, matandiko na ndoo ya kunawia. Huko ndiko alikojifunza kwamba mtu anaweza kuhama kila siku na bado akawa na kwake.

Baadaye alifanya kazi melini, kisha akasoma katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Alipohitimu mwanzoni mwa miaka ya 1920 aliingia katika kazi za matangazo ya biashara na uchapishaji wa majarida mjini Los Angeles. Hakuwa fundi wa chuma wala seremala kwa mafunzo. Alichokijua vizuri kilikuwa namna ya kumweleza mtu bidhaa mpaka aitamani, na ujuzi huo ndio uliomtajirisha baadaye.

Habari ya matela ilianzia nyumbani. Byam alipenda kusafiri na kulala nje, lakini mkewe wa kwanza, Marion, hakupenda kulala chini ndani ya hema. Byam akachukua fremu ya gari la Ford Model T, akajenga juu yake jukwaa la kubebea hema. Hema lilikuwa gumu kulisimamisha, na mvua iliponyesha halikuwafaa. Akalitupa, akajenga mahali pake kibanda kigumu chenye umbo la tone la maji, na ndani akaweka jiko dogo na sanduku la barafu. Kila walipopita, watu walisimama kukiangalia na kuuliza kimetengenezwaje.

Byam aliyaona maswali hayo kama soko. Aliandika makala katika jarida la ufundi akieleza namna ya kujenga tela kwa dola 100, kisha akauza michoro yake kwa njia ya posta. Wengine hawakutaka michoro, walitaka tela lenyewe, naye akaanza kuwatengenezea nyuma ya nyumba yake. Majirani walipochoka na kelele za nyundo na misumeno, ikabidi ahamie kwenye karakana. Mwaka 1931 kiwanda cha Airstream kikaanza kazi Culver City, California.

Huo ulikuwa wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi. Benki zilikuwa zikifungwa na watu wakikosa kazi kwa mamilioni. Hata hivyo biashara ya matela ilikua, kwa kuwa waliokuwa na fedha kidogo walitafuta mapumziko ya bei nafuu, na waliokosa kazi walitafuta makazi yanayoweza kuwafuata popote kazi ilipopatikana. Kufikia katikati ya miaka ya 1930, Marekani ilikuwa na watengenezaji wa matela wapatao 400. Wengi walikuwa watu wenye karakana moja, mafundi wachache na jina lililopakwa ubavuni kwa brashi.

Umbo la mtu mwingine

Tela la fedha ambalo leo linatambulika kwa jina la Airstream halikubuniwa na Byam peke yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mtu wa kwanza kuliunda umbo lile alikuwa Hawley Bowlus, mbunifu wa ndege zisizo na injini, ambaye pia alisimamia ujenzi wa ndege iliyomvusha Charles Lindbergh bahari ya Atlantiki mwaka 1927. Mwaka 1934 Bowlus alianza kuuza tela lililojengwa kama mwili wa ndege, la bati za alumini zilizopigwa ribiti juu ya mbavu za chuma. Lilikuwa jepesi, imara, na lilipasua upepo bila kulielemea gari.

Bowlus alikuwa mbunifu hodari lakini si mwuzaji. Tela lake lilikuwa ghali, na mlango wake ulikuwa mbele, juu ya fimbo ya kuvutia, hivyo kuingia ndani kulihitaji kuruka chuma. Byam alikuwa miongoni mwa waliomsaidia kuuza. Biashara ya Bowlus ilipofilisika, Byam hakuliacha umbo lile life pamoja nayo. Alilichukua, akauhamishia mlango ubavuni, akaboresha sehemu ya ndani, na mwaka 1936 akalitoa sokoni kwa jina la Clipper, lililotokana na ndege kubwa za baharini za wakati huo.

Clipper iliuzwa dola 1,200, zaidi ya bei ya gari jipya la kawaida. Ililaza watu wanne, ilikuwa na maji yake, taa za umeme na jiko lililotengwa. Pamoja na bei hiyo, kiwanda kilipokea maagizo mengi kuliko kilivyoweza kuyatimiza.

Hapa ndipo Byam alipopata somo lake la kwanza kuhusu kuchukua biashara ya mwingine. Bowlus aliacha umbo zuri lisilo na jina lililokwisha kuota mizizi sokoni. Byam alikuwa na jina na hodari wa kuuza, lakini alihitaji umbo. Vilipokutana, kimoja kikakipa kingine uhai. Kati ya wale watengenezaji 400 wa miaka ya 1930, karibu wote wametoweka, na majina yao hayakumbukwi ila na wakusanyaji wa vitu vya kale.

Vita vikafunga kiwanda

Vita Kuu ya Pili ya Dunia nusura vimalize kila kitu. Marekani ilipoingia vitani, alumini ikawa mali ya kutengenezea ndege, na petroli na matairi vikagawiwa kwa kibali. Tela la starehe halikuwa na nafasi. Byam alifunga kiwanda, akaenda kufanya kazi katika viwanda vya ndege mjini Los Angeles.

Hakupoteza muda huko. Aliona namna ndege zinavyounganishwa kwa wingi, kwa haraka na kwa vipimo visivyokosea. Vita vilipokwisha, kwa muda aliwafanyia kazi watu wengine waliotaka kutengeneza matela kwa jina lao wenyewe. Hakukaa. Kufikia mwaka 1948 alikuwa amerudi kwenye biashara yake, chini ya jina lake la zamani, Airstream.

Angeweza kuanza na jina jipya. Lakini jina la zamani lilikuwa na kitu ambacho fedha zake hazikuweza kukinunua kwa haraka: watu waliokuwa wamemiliki Clipper kabla ya vita, ambao matela yao yalikuwa bado yanatembea. Kila tela lililopita barabarani lilikuwa tangazo lisilolipiwa. Chema chajiuza, na cha Byam kilikuwa kimejiuza miaka yote ile kiwanda kikiwa kimefungwa.

Mwaka 1952 alifungua kiwanda cha pili, Jackson Center, kijiji cha wakulima katika jimbo la Ohio, ndani ya majengo yaliyotumika wakati wa vita kutengeneza silaha za kupambana na vifaru. California ilihudumia magharibi ya nchi, Ohio ikahudumia mashariki. Wakati huo uamuzi huo ulihusu gharama za usafirishaji tu. Baadaye ukawa ndio uliookoa jina.

Msafara kama duka, msafara kama shule

Mwishoni mwa mwaka 1951 Byam aliwaalika wateja wake kusafiri naye kutoka Texas kwenda Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Matela 63 yaliondoka. Barabara zilikuwa mashimo, milima ilikuwa mikali, na mito mingine haikuwa na madaraja. Yaliyofika Managua, Nicaragua, yalikuwa 14.

Kwa mfanyabiashara mwingine hiyo ingekuwa aibu ya kufichwa. Byam aliifanya orodha ya kazi. Kila fimbo iliyovunjika, kila ekseli iliyopinda na kila kabati lililofunguka njiani lilirudi kiwandani kama swali la kujibiwa. Kuanzia hapo kanuni yake ikawa moja: tela lisibadilishwe ili lionekane jipya, libadilishwe pale tu badiliko linapolifanya kuwa bora. Ndiyo sababu Airstream ya miaka ya 1950 na ya miongo iliyofuata zinafanana kwa mbali kama ndugu wa baba mmoja. Aliyenunua mwaka jana hakujiona amepitwa na wakati mwaka huu, na aliyetaka kuuza tela lake kuukuu alipata bei nzuri.

Watu waliosafiri naye hawakutaka kuachana. Mwaka 1955, katika mji wa Kentville, nchini Canada, waliunda chama chao na kukipa jina la Byam. Binamu yake, Helen Byam Schwamborn, akawa mhimili wa kupanga misafara na mikutano. Wanachama walivaa kofia za buluu, na matela yao yalibandikwa namba kubwa nyekundu ili watambuane barabarani. Mwaka 1956 walisafiri Ulaya.

Ulikuwa urafiki wa kweli, na ulikuwa pia biashara. Mwanachama wa chama kile hakwenda dukani kulinganisha bei na tela la kampuni nyingine. Tela lake lilipochakaa alinunua lingine la aina ile ile, kwa kuwa nje ya Airstream angepoteza zaidi ya tela: angepoteza jamaa zake wa safari. Byam alikuwa amejenga kitu ambacho hakiandikwi kwenye daftari la mali, lakini mnunuzi yeyote mwerevu wa kampuni hukitafuta kabla ya kuhesabu mashine.

Kutoka Cape hadi Cairo

Msafara wa Afrika wa mwaka 1959 na 1960 ulikuwa kilele cha yote. Byam na mkewe wa pili, Stella, waliongoza wakiwa na tela la rangi ya dhahabu, tofauti na mengine ya rangi ya fedha. Kwenye karatasi njia ilionekana fupi. Ardhini ilikuwa tope, mchanga na mawe. Mahali pengine magari yalikwama na kuvutwa kwa kamba na watu wengi. Ethiopia ilikuwa na sehemu ambazo hazikustahili kuitwa barabara. Huko Addis Ababa, Mfalme Haile Selassie aliwapokea wasafiri na kuyatazama matela yao.

Nchi walizopita zilikuwa katika mabadiliko makubwa. Congo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, miezi michache tu baada ya msafara kupita. Uganda ilifuata mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963. Wasafiri wale walivuka mipaka ambayo muda mfupi baadaye ilikuwa na bendera nyingine, mihuri mingine na maofisa wengine.

Picha za msafara huo, hasa zile za matela yaliyopangwa mbele ya mapiramidi, zilirudi Marekani na kufanya kazi ya kuuza kwa miaka mingi. Ujumbe wake haukuhitaji maelezo: tela lililotoka Cape Town likafika Cairo halitamshinda mtu anayekwenda ziwani siku ya Jumamosi. Kampuni nyingine zingeweza kuiga rangi na umbo, lakini hazikuweza kuiga barabara ile.

Kifo, na mnunuzi wa kwanza

Byam aliugua uvimbe wa ubongo, akafariki tarehe 22 Julai 1962, akiwa na umri wa miaka 66. Hakuacha mtoto wa kurithi kiwanda. Kampuni ilibaki mikononi mwa wasaidizi wake, watu waliojua kazi, na mauzo yaliendelea. Lakini kampuni isiyo na mrithi, yenye jina zuri na wateja waaminifu, haikai muda mrefu bila kubishiwa hodi.

Aliyebisha mwaka 1967 alikuwa Beatrice Foods. Kampuni hiyo ilianzia Nebraska mwaka 1894 kwa biashara ya siagi na maziwa, kisha ikakua kwa kununua kampuni nyingine, moja baada ya nyingine, mpaka ikawa na mamia ya biashara. Katika miaka ile kampuni nyingi kubwa za Marekani ziliamini kwamba mwenye fedha na mahesabu mazuri anaweza kuendesha biashara yoyote, hata isiyofanana kabisa na yake. Beatrice ilimiliki maziwa, peremende na vyakula vya makopo, na mwaka 1973 ikaongeza mabegi ya Samsonite. Airstream iliingia katika orodha hiyo ndefu.

Mwanzoni ndoa hiyo haikuwa mbaya. Barabara kuu mpya zilikuwa zikifunguliwa Marekani, mafuta yalikuwa rahisi, na matela yaliuzwa vizuri. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliporudi kutoka mwezini, walitengwa ndani ya chumba maalumu cha Airstream wakati madaktari wakihakikisha kwamba hawakuja na maradhi. Dunia nzima iliona picha za Rais wa Marekani akiwasalimu kupitia dirisha la tela lile.

Kisha ikaja Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zilizuia mafuta, bei ikapanda, na foleni ndefu zikaonekana kwenye vituo vya petroli. Tela ni bidhaa ambayo mtu anaweza kuiahirisha, tofauti na unga au sabuni. Mauzo yalianguka. Yaliposimama tena, mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979 yakapandisha bei ya mafuta kwa mara ya pili, na riba ya mikopo nayo ikapaa. Watengenezaji wengi wa nyumba za magurudumu walifunga milango.

Kwa Beatrice, Airstream ilikuwa mstari mmoja katika kitabu kikubwa cha hesabu, na mstari huo ulikuwa umegeuka mwekundu. Mwaka 1979 kiwanda cha California kilifungwa, na wafanyakazi wake wakapoteza kazi. Kilichobaki ni kile cha Jackson Center, katika kijiji ambacho hakikuwa na mwajiri mwingine wa kiasi kile. Kama nacho kingefungwa, jina la Airstream lingekwenda kulala pamoja na yale mengine 400.

Thompson na Orthwein

Walionunua Airstream mwaka 1980 walikuwa Wade Thompson, mzaliwa wa New Zealand, na mshirika wake Peter Orthwein. Mwaka 1977 walikuwa wamenunua Hi-Lo, kampuni ndogo ya matela huko huko Ohio, kwa hiyo walikuwa wameonja biashara hiyo kabla ya kuingia kwa uzito. Wakati kila mtu akikimbia, wao waliingia. Walichukua herufi mbili za mwanzo za jina la kila mmoja wao, Th na Or, wakaunda jina la kampuni mama: Thor.

Hatua yao muhimu zaidi ilikuwa ile ambayo hawakuichukua. Hawakuyaita matela yale Thor. Hawakubadilisha umbo wala rangi. Hawakukihamisha kiwanda wala kukivunja chama cha wasafiri. Walipunguza gharama, wakashughulikia malalamiko ya ubora, na ndani ya mwaka mmoja kiwanda kikaanza kupata faida. Walikuwa wametambua kwamba walichonunua si mashine zilizochakaa wala akiba ya alumini, bali imani ya watu waliokuwa tayari kungoja tela lao.

Baada ya hapo Thor iligeuza jambo hilo kuwa mtindo wa biashara. Ilinunua Dutchmen mwaka 1991, Keystone mwaka 2001, na Jayco mwaka 2016 kwa dola milioni 576. Mwaka 2019 ilivuka bahari na kununua Erwin Hymer Group ya Ujerumani, kampuni iliyobeba jina la mwanzilishi aliyefariki mwaka 2013, na kuuzwa na warithi wake. Kila mara majina yaliachwa yalivyo, na kila kampuni ikaachiwa wasimamizi wake, mafundi wake na mawakala wake.

Wengine walifuata njia hiyo. Berkshire Hathaway, kampuni ya Warren Buffett, iliinunua Forest River mwaka 2005. Winnebago iliinunua Grand Design mwaka 2016 na Newmar mwaka 2019. Leo sehemu kubwa ya nyumba za magurudumu zinazouzwa Marekani inatoka katika nyumba hizo tatu, na nyingi zinatengenezwa katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, na vijiji vya jirani.

Faida ya kukusanya majina chini ya paa moja iko wazi. Anayenunua ekseli, majokofu na madirisha kwa ajili ya viwanda kumi hupata bei ambayo mwenye kiwanda kimoja haoti kuipata. Mwaka mbaya kwa matela ya bei kubwa unaweza kuwa mwaka mzuri kwa ya bei ndogo, na kampuni mama ikabaki imesimama. Hasara yake huonekana kidogo zaidi. Mteja anayetembea uwanjani akilinganisha matela mawili yenye majina tofauti anaweza kudhani anashuhudia ushindani, kumbe faida ya yote mawili inaishia mfuko mmoja. Na kijiji kinachotegemea kiwanda kimoja hujikuta kikingoja maamuzi ya watu ambao hawajawahi kulala huko.

Kilichobaki

Beatrice, ile kampuni kubwa iliyoinunua Airstream mwaka 1967, haipo tena. Iliendelea kununua na kununua mpaka ikawa yenyewe windo. Mwaka 1986 ilinunuliwa kwa fedha za mikopo, ikakatwa vipande na kuuzwa kimoja kimoja, na mabaki yake yakachukuliwa na ConAgra mwaka 1990. Majina mengi yaliyokuwa chini yake yalipona, na baadhi yako madukani mpaka leo. Lililokufa ni jina la juu, lile ambalo hakuna mteja aliyewahi kulipenda.

Wade Thompson alifariki mwaka 2009. Jackson Center bado inatengeneza Airstream, na mafundi bado wanapiga ribiti bati za alumini juu ya mbavu zake, kazi ambayo Byam aliichukua kwa Bowlus, na Bowlus aliitoa kwenye ndege. Chama chenye kofia za buluu bado kinakutana, na wanachama wake wa leo wengi hawakuwa wamezaliwa siku ambayo matela 41 yalishushwa Cape Town.

Byam hakuandika mpango wa nani angemiliki kampuni yake baada ya miaka 50, na asingeweza kuzuia isiuzwe. Alichokifanya ni kuhakikisha kwamba yeyote atakayeinunua angepata hasara kuibadilisha. Mnunuzi wa kwanza hakulielewa hilo, na nusura jina lipotelee mikononi mwake. Wa pili walilielewa, na ndilo lililowatajirisha.